Sungura ni wa Nani? Historia ya Disney kwa Wanaoishi kwa Kalamu

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wachora katuni na waandaaji wa filamu vijana jijini Dar es Salaam. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, nami nimeiweka. Picha tulizotazama ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, walimu, na ninyi vijana mliojaa mpaka mlangoni, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie historia ya kampuni ya Disney. Kampuni hiyo imepita miaka mia moja, na muda wetu ni mfupi. Sitataja kila filamu, wala kila bustani ya burudani, wala kila bosi aliyekalia kile kiti. Nimechagua matukio machache tu, na yote nitayapitisha kwenye swali moja: kazi hii ni ya nani? Aliyeichora tunamjua, na watoto walioipenda tunawajua. Lakini kwenye karatasi, kazi hii ni ya nani?

Mwaka 1923 Walt Disney alikuwa kijana wa miaka 21. Studio yake ya kwanza, kule Kansas City, ilikuwa imefilisika. Akapanda treni kwenda Los Angeles, alikokuwa kaka yake Roy, ambaye alikuwa akijiuguza kifua kikuu. Tarehe 16 Oktoba 1923 wakapata mkataba na Margaret Winkler, mama wa New York aliyekuwa akisambaza filamu, ili watengeneze filamu fupi za msichana halisi anayecheza ndani ya dunia ya katuni. Mpaka leo kampuni inaihesabu tarehe hiyo kuwa siku yake ya kuzaliwa. Wangeweza kuchagua siku ya mchoro wa kwanza, au siku walipofungua ofisi. Wamechagua siku ya mkataba.

Miaka minne baadaye, 1927, wakamchora sungura. Jina lake Oswald. Masikio marefu meusi, kaptura, utundu mwingi. Watu wakampenda. Filamu zikatoka moja baada ya nyingine, zikisambazwa na Universal kupitia Charles Mintz, mume wa yule mama Winkler. Mapema mwaka 1928 Walt na mkewe Lillian wakasafiri kwa treni kwenda New York. Alikwenda kuomba nyongeza. Sungura anauza, mtengenezaji anaomba aongezewe kidogo. Kuna ubaya gani hapo?

Mintz hakuongeza. Alipunguza. Kisha akamwambia mambo mawili. La kwanza, wachoraji wako karibu wote nimeshawasainisha mimi. La pili, huyo sungura si wako. Na kweli hakuwa wake! Mkataba ulisema Oswald ni mali ya Universal. Walt alikuwa amemfikiria, studio yake imemchora, jina lake limo kwenye filamu, lakini sungura ni wa mtu mwingine.

Ndugu zangu, nataka tukae hapo kidogo. Wangapi humu ndani wamechora mhusika kwa ajili ya tangazo la mtu, wakalipwa kwa simu, na makubaliano yote yakawa ujumbe wa WhatsApp unaosema "poa kaka, tutaelewana"? Nyosheni mikono. Msione haya. Naona mikono mingi, na ya wazee wa mbele imo. Hiyo "tutaelewana" ndiyo iliyomla sungura. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nini kilifuata? Mchoraji mmoja mkubwa hakumkimbia Walt, naye ni Ub Iwerks, rafiki yake wa tangu Kansas City. Wakati wenzao wakimalizia zile filamu za Oswald zilizobaki kwenye mkataba, Iwerks alijitenga akachora mhusika mpya kwa siri. Panya. Inasimuliwa kwamba alifikia michoro 700 kwa siku. Filamu mbili za kwanza za huyo panya hazikupata msambazaji. Ya tatu wakaitia sauti iliyokwenda sambamba na picha, muziki na vishindo vikigonga palepale mguu unapogonga. Kulipia kurekodi ile sauti, Walt aliuza gari lake. Tarehe 18 Novemba 1928, katika ukumbi wa Colony, New York, Mickey Mouse akapiga mluzi kwenye usukani wa meli, na ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Safari hii panya alikuwa wa kwao, kwa jina na kwa karatasi. Mtu alipotaka kuweka picha ya Mickey kwenye madaftari ya shule alilipa dola 300. Mwaka 1933 ikatoka saa ya mkononi yenye mikono ya Mickey ikionyesha dakika, na kampuni ya saa ya Ingersoll, iliyokuwa ikielekea kufa, ikafufuka. Katika miaka ile ya mdororo mkuu wa uchumi, fedha za saa, vikombe na wanasesere ziliwasaidia kulipia filamu zenyewe. Mngemtafuta Oswald kwenye hesabu zao, msingemwona.

Na yule Iwerks? Hapa ndipo moyo unaniuma kila nikisoma. Iwerks alikuwa na asilimia 20 ya studio. Mwaka 1930 akashawishiwa na msambazaji mwingine aondoke akafungue studio yake, na katika kuondoka akauza hisa zake zote kwa dola 2,920. Simlaumu. Dola 2,920 wakati ule zilikuwa fedha za maana, na hakuna aliyejua kesho. Studio yake haikudumu. Mwaka 1940 akarudi kwa Disney kama mwajiriwa, akafanya kazi kubwa ya kamera na mbinu za picha, akapewa tuzo, akaheshimiwa. Lakini mkono uliomchora panya haukuwa tena na sehemu yoyote ya panya.

Sasa nirukie mwaka 1937, maana wengi mnaujua. Filamu ndefu ya katuni ya Snow White, iliyogharimu kama dola milioni moja na nusu, watu wa Hollywood wakaiita upumbavu wa Disney. Katikati ya kazi fedha zikaisha, benki ikaonyeshwa vipande ambavyo havijakamilika, ikakopesha. Ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1937, ikaingiza mamilioni, na fedha zake zikajenga studio mpya kule Burbank. Hilo linasimuliwa kila mahali. Lisilosimuliwa sana ni kilichotokea ndani ya majengo yale mapya.

Walt sasa alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Yeye ndiye mwenye karatasi. Na wachoraji wake wakaanza kuuliza swali lilelile alilouliza yeye New York mwaka 1928. Mishahara ilipishana mno, huyu analipwa mara nyingi ya yule. Wengi hawakutajwa majina yao kwenye filamu. Wengine waliamini wangepata bakshishi ya Snow White, na hawakuiona kama walivyotarajia. Halafu filamu mbili kubwa za 1940 zikapata hasara, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga soko la Ulaya, na watu wakaanza kupunguzwa kazi.

Art Babbitt alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa pale, ndiye aliyempa mhusika Goofy tabia na mwendo wake. Alikuwa analipwa vizuri. Angeweza kunyamaza, mshahara ukaingia, maisha yakaenda. Lakini aliona wenzake wa ngazi za chini wanavyoishi, akaingia kwenye chama cha wachora katuni. Walt akamfukuza. Kesho yake, tarehe 29 Mei 1941, mamia ya wafanyakazi wakakaa nje ya lango la Burbank na mabango waliyoyachora wenyewe. Fikirieni mabango yaliyochorwa na wachoraji bora duniani!

Mgomo ule uliwagawa marafiki. Waliobaki ndani na waliokaa nje wengine hawakusalimiana tena. Walt akaenda Amerika ya Kusini kwa safari iliyodhaminiwa na serikali, na wakati hayupo mzozo ukasuluhishwa, kwa sehemu kubwa kwa masharti ya chama. Mwaka 1947, akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, aliwalaumu viongozi wa mgomo kwamba walikuwa wakomunisti. Nampenda Walt Disney kama msanii, nimemsoma miaka mingi, lakini kwa hili nasema wazi kwamba alikosea. Mtu aliyenyang'anywa sungura alipaswa kuwa wa kwanza kuelewa uchungu wa mchoraji asiyetajwa jina.

Na dada zangu mliopo hapa, msifikiri nimewasahau. Kazi ya kupitishia wino na kupaka rangi michoro yote ile ilifanywa hasa na wanawake, maelfu kwa maelfu ya karatasi za plastiki angavu, kwa brashi, kwa mkono usiotetemeka. Ipo barua ya studio ya mwaka 1938 iliyomjibu msichana aliyeomba nafasi ya mafunzo: wanawake hawafanyi kazi ya ubunifu wa kuandaa katuni. Imeandikwa hivyo, kwa taipu, kwenye karatasi yenye picha ya Snow White! Miaka minne baadaye, 1942, Retta Scott akawa mwanamke wa kwanza kutajwa kwenye filamu ya Disney kama mchoraji wa uhuishaji, kwa wale mbwa wakali wa kwenye Bambi. Na Mary Blair akaja kuwapa rangi ambazo wanaume wote mle ndani walizifuata.

Tufike kwenye bustani, maana najua kuna watu wamekuja kwa ajili ya hiyo.

Walt alitaka mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja, si mtoto anazunguka kwenye farasi wa mbao huku baba amekaa benchi anasubiri. Roy, mshika fedha, akasita. Walt akakopa kwa kuweka rehani bima yake ya maisha. Mwishoni mwa wiki moja ya Septemba 1953 akamwita mchoraji Herb Ryman, wakajifungia siku mbili, Walt anaeleza, Ryman anachora ramani ya bustani nzima. Roy akaibeba ramani ile New York kutafuta fedha. Sikilizeni hapo, wachoraji: mradi wa mamilioni ya dola ulikwenda kuombewa mtaji kwa mchoro mmoja mkubwa wa penseli.

Kituo cha runinga cha ABC, kilichokuwa kidogo kuliko wapinzani wake, kikakubali. Kikatoa dola laki tano, kikadhamini mikopo ya dola milioni nne na nusu, kikapewa zaidi ya theluthi moja ya bustani na kipindi cha runinga cha kila wiki. Shamba la michungwa la ekari 160 kule Anaheim likageuka Disneyland kwa mwaka mmoja.

Tarehe 17 Julai 1955, siku ya kufungua, ilikuwa tafrani. Watu waliingia na tiketi za kughushi, wakawa wengi mno kuliko walioalikwa. Lami ilikuwa bado mbichi, jua ni kali, visigino vya akina mama vikazama barabarani. Mafundi bomba walikuwa wamegoma karibu na siku yenyewe, ikabidi Walt achague kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa. Alichagua vyoo. Na yote hayo yalirushwa moja kwa moja kwenye runinga! Hata hivyo ndani ya wiki saba hivi watu milioni moja walikuwa wameshaingia.

Lakini rudini kwenye swali letu. Bustani ni ya nani? Mwaka 1960 Disney wakainunua sehemu ya ABC kwa dola milioni saba na nusu, bustani ikawa yao yote. Na mwaka 1996 wakainunua ABC yenyewe, kwa dola bilioni 19. Kituo kilichowadhamini kikawa mali yao.

Nje ya ukuta wa Anaheim, hoteli za watu wengine na vibanda vya kila aina vilikuwa vimejibana mpaka langoni, na faida ilikwenda kwao. Kwa hiyo Florida walikwenda kimyakimya. Wakatumia kampuni zenye majina yasiyojulikana, wakanunua zaidi ya ekari 27,000 za vinamasi na malisho kabla gazeti la Orlando halijafichua mnunuzi ni nani mwaka 1965. Habari ilipotoka, bei ya ardhi iliyobaki ikapaa. Tarehe 15 Desemba 1966 Walt akafa kwa saratani ya mapafu, hajaona hata jengo moja likisimama pale. Roy, mzee wa miaka sabini na kitu aliyekuwa anataka kupumzika, akaahirisha kustaafu. Akasimamia ujenzi mpaka ulipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, akasisitiza jina la mdogo wake litangulie: Walt Disney World. Tarehe 20 Desemba mwaka uleule naye akaaga dunia. Katika historia nzima ya kampuni hii, huyo kaka mtu ndiye ninayemheshimu kuliko wote.

Sasa tuje kwetu, Afrika.

Kabla ya The Lion King, filamu ya mwaka 1994 ya mtoto wa simba, wachoraji wa Disney walikuja Kenya, wakatembea, wakachora miamba, nyasi na mwanga wa jioni. Majina wakayachukua kwenye lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Mwaka 1998, katika bustani yao ya wanyama kule Florida, wakajenga kijiji kizima wakakiita Harambe, kwa kuigiza mji wa Lamu. Sioni aibu kusema kwamba nilifurahi kuiona lugha ya bibi yangu kwenye sinema ya dunia. Lakini ndani ya filamu hiyohiyo kuna wimbo, na wimbo huo una mwenyewe.

Solomon Linda alikuwa Mzulu, mfanyakazi wa kampuni ya kurekodi ya Gallo, Johannesburg. Mwaka 1939 yeye na kundi lake waliingia studio wakarekodi Mbube, maana yake simba. Haki akaziachia kampuni kwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukaimbwa Marekani miaka ya 1950 kwa jina la Wimoweh, na 1961 ukapewa maneno ya Kiingereza na kuwa wimbo wa simba aliyelala. Linda alifariki 1962, maskini. Mwaka 1994 Pumbaa na Timon wakauimba mbele ya dunia nzima, na binti zake Linda walikuwa wanaishi Soweto kwa taabu.

Mnajua nini kiliwaokoa? Sheria kuukuu ya mkoloni! Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yake, ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufariki haki zinarudi kwa warithi wake, hata kama yeye mwenyewe aliziuza. Yaani tangu 1987 wimbo ulikuwa wa binti zake, na hakuna aliyewaambia. Mwaka 2004 mawakili wakafungua kesi Afrika Kusini dhidi ya Disney, na mahakama ikakubali kuzuia alama za biashara za Disney nchini humo, Mickey akiwemo, ziwe dhamana ya kesi. Februari 2006 wakamalizana nje ya mahakama na wenye haki za wimbo, familia ikalipwa malimbikizo na ikakubaliwa mrabaha wa siku zijazo.

Mwaka huohuo 2006, sikilizeni hili, Disney walimrudisha Oswald nyumbani. Baada ya miaka 78! ABC na ESPN, vituo vya runinga vya Disney, wakamruhusu mtangazaji wao wa michezo, Al Michaels, ahamie NBC, kituo cha kampuni moja na Universal, na katika mabadilishano hayo Universal wakawakabidhi sungura wao. Kampuni yenye uwezo wote ule bado ilikuwa inamdai sungura aliyepotea 1928. Mtu hasahau alichonyang'anywa, awe tajiri wa Burbank au binti wa Soweto.

Jambo moja nilinyooshe, maana linapotoshwa sana mitandaoni. Mwaka 2018 watu walisaini malalamiko kwa wingi kwamba Disney wamejimilikisha "hakuna matata". Waliomba kuisajili 1994 na wakasajiliwa 2003, Marekani, kama alama ya biashara ya mavazi. Hiyo haimzuii mtu kusema wala kuimba, na Them Mushrooms wa Mombasa walishaimba maneno hayo tangu 1982. Inahusu kuuza fulana zenye maneno hayo kule ilikosajiliwa. Nami nakubaliana na waliolalamika kwamba ni jambo la kuudhi. Lakini hakimiliki ni kitu kimoja, alama ya biashara ni kingine, na anayechanganya hivyo viwili atashindwa kesi kabla hajaifungua.

Siwatishi msifanye kazi na wakubwa. Mwaka 2019 kampuni ndogo ya katuni inayoitwa Kugali, ya vijana wa Nigeria na Uganda, ilihojiwa na BBC. Mmoja wao, Hamid Ibrahim, kijana wa Uganda, akajigamba kwamba wataichapa Disney hapa Afrika. Disney walipoyaona mahojiano yale wakawatafuta, na Februari 2024 ikatoka Iwájú, hadithi ya Lagos ya siku zijazo. Kabla yake, 2023, ilitoka Kizazi Moto, filamu fupi kumi za Waafrika, wakiwemo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Wale Kugali walipopigiwa simu hawakuwa na mikono mitupu. Walishachapisha katuni zao wenyewe, kwa jina lao, kwa fedha walizochangiwa na wasomaji. Ukiingia mezani na kitu chako, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, uliza haya, na uulize kwa sauti: Mhusika anabaki wa nani? Jina langu litaandikwa wapi? Wakimtumia kwenye fulana, kwenye mchezo wa simu, kwenye nchi nyingine, napata nini? Haki hizi zinarudi kwangu lini? Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo, na michoro yako unaweza kuipeleka ikaandikishwa.

Mwanasheria tuliyemwalika amekubali kukaa nasi hapa mpaka saa kumi. Ana meza pale kushoto. Mwenye mkataba kwenye simu aufungue sasa, mwenye nakala kwenye begi aitoe, na mwenye "tutaelewana" peke yake ndiye atangulie kwenye foleni. Asanteni sana.